Yule Mwanamume Uliyemwona Kitandani

Baba yangu uliyelala Mlingotini,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, usidhani nimepoa. Sijapoa hata kidogo.

Jana tumesoma arobaini yako. Ua lilijaa, wengine wametoka Makurunge kwa miguu. Baada ya hitima, Mzee Kombo, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, akasimama barazani kutaja karama zako. Ati ulikuwa walii, ukizungumza na waliokufa, ukiona ya mbali. Mimi niko uani na wanawake, navumilia. Mara nikamsikia: "Hata uchafu uliofichwa chumbani mwake Mungu alimfunulia. Alimwona yule mwanamume kitandani kwa mkewe." Watu wakaitikia, "Subhanallah!" Mkewe ni mama yangu, baba! Yu hai, yuko Zinga kwa mjomba, na watu wanamtukana huku wanakula pilau niliyoipika mimi!

Basi ngoja nikukumbushe, maana kwa kusahau ulikuwa hodari.

Ulikuwa msuka madema. Bahari ilikushinda kwa sababu ya pumu, ukawa unakaa barazani unasuka mitego ya wenzako na kifua kinakulia filimbi. Bibi mmoja wa Makurunge ndiye aliyekufundisha kuvuta mnanaha, ule mmea wa jalalani wenye maua meupe na matunda ya miba. Akakuonya mbele yangu: "Jani moja kavu, tena siku kifua kikibana tu. Ukizidisha litakuchezea akili." Nilikuwa nimefiwa na mume, nimerudi nyumbani, kwa hiyo kazi ya kuanika majani na kukusokotea ikawa yangu. Pumzi ikikubana ulinishika bega ukavuta mara tatu, nne, na kifua kikifunguka unacheka: "Haya, nimerudi mjini." Nilikipenda kicheko kile. Hata leo nikinusa moshi wa namna ile moyo unalainika, halafu najikasirikia kwa kulainika.

Kisha ikaja siku ya majani matatu. Kinywa kikakukauka, ukawa unaomba maji, maji, maji. Mboni zikatanuka mpaka macho yakawa meusi matupu, jua huliwezi. Ukawa unachuma nyuzi hewani na nyuzi hakuna. Ukamwamkia mama yako mlangoni, marehemu wa miaka mingi, ukamuuliza habari za huko. Mzee Kombo alikuwa amekuja kuagiza dema, akayasikia yote, akaondoka mbio kutangaza. Haikupita wiki, baraza imejaa watu wanaotaka kujua habari za watu wao waliopotea.

Na kesho yake hukumbuki kitu. "Nimesema nini jana?" uliniuliza. Nikakuambia, nawe ukaenda kuwasimulia wageni kana kwamba umeyakumbuka mwenyewe. Ikawa ndiyo desturi yetu.

Ukaacha kungoja pumu. Kifua kizima, wageni wapo, unaniita nisokote. Mwishowe ukawa unachemsha mbegu na kunywa. Nilipokukataza uliniambia nifunge mdomo. Najua ulichokitaka, baba. Vitu walivyokuletea wageni hukuvitaka. Ulitaka kubusiwa mkono, wewe uliyezoea kuonewa huruma na wavuvi. Hilo nalielewa, na kama ingekuwa hilo tu ningekusamehe.

Lakini ile adhuhuri! Ulikuwa wakati wa vita, kanga haipatikani hata ukienda mpaka Dar es Salaam, na mimi nilikuwa na moja tu ya maana, ya kijani. Nje kulikuwa na mvua. Nikaifua, nikaitundika chumbani kwenu kwenye nguzo ya chandarua. Wewe ulikuwa umeshakunywa, wageni wako barazani. Mama akaingia kuwatolea mkeka, ukamfuata, ukasimama mlangoni. "Nani huyo wa kanzu ya kijani kitandani kwangu?" Mama akacheka, maskini. "Baba Mwajuma, hapo hapana mtu. Njoo unywe maji." Ukamwacha papo hapo, talaka tatu, watu wanasikia.

Asubuhi yake ukaniuliza kama kawaida yako, "Nimesema nini jana?" Nikakuambia. Nikakushika mkono nikakupeleka chumbani: "Mwanamume wako huyu hapa." Uliipapasa ile kanga kwa mikono miwili. Kisha ukasema, "Iondoe."

Mjomba alipowapeleka kwa kadhi Bagamoyo nilikwenda nanyi, nikaeleza habari za majani na mbegu. Kadhi alikuwa mpole. Akakuambia, "Dawa ikimwondolea mtu akili, talaka yake haisimami. Niambie tu, siku ile akili zako ulikuwa nazo?" Ulihitaji kusema hapana, basi, mama arudi nyumbani na mkeka wake! Ukageuka ukatazama nje, walikokuwa wamesimama watu wako wakikungoja. "Nilikuwa nazo, Sheikh. Timamu." Na mimi je? Ukamwambia, "Huyu anamtetea mama yake."

Siku ile ile nilimpitia dresa wa dispensari nikamwonyesha jani. Akalijua mara moja. Akasema linashika mishipa ya fahamu: kidogo linafungua kifua, likizidi linakausha mate, linatanua mboni, mtu anaona visivyokuwapo na akizinduka hakumbuki. Nikarudi nikakuambia. Nikabaki kukuuguza kwa kuwa huna mwingine, ila majani sikukuanikia tena, ukawa unaanika mwenyewe.

Na mama je, unajua ameishije? Kisimani Zinga wanawake walimpisha kama mwenye ukoma. Hakuolewa tena. Anasuka ukili wa mikeka, hakutaji kwa ubaya. Nilipompelekea habari ya kifo chako aliuliza neno moja tu: "Kifua kilimsumbua?" Nililia kwa hasira, baba, wala sikuficha.

Ndiyo maana jana niliacha sufuria nikafungua sanduku. Kanga imepauka, lakini kijani chake bado kipo. Nikaingia chumbani kwako nikaitundika kwenye nguzo ile ile. Kisha nikajitanda nikatoka barazani katikati ya wanaume. "Mzee Kombo, yule mwanamume yumo ndani. Njooni nyote mumwone."

Wakaja wakabanana mlangoni. Nikawaambia yote, mbegu, dresa, kadhi. Hakuna aliyeitikia subhanallah. Mzee Kombo aliitazama ile kanga, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwenyewe alijua?"

"Aliishika kwa mikono miwili," nikamjibu.

Mungu akurehemu, akupanulie kifua huko uliko. Dua hiyo inatoka moyoni, usiitilie shaka. Lakini kesho alfajiri naondoka kwenda Zinga kumleta mama. Siku ile uliniambia niiondoe, nikaiondoa. Sasa iko pale pale, na haitaguswa mpaka mama aingie aiondoe kwa mkono wake.

Ni mimi Mwajuma, binti yako, niliyekuanikia majani.