Mkono Uliofungwa Kitenge

Maman Mukantwari wa redio, nakuita kama tunajuana, maana kila asubuhi sauti yako iko jikoni mwangu. Nisaidie kabla ya Ijumaa, kichwa changu kimevurugika kabisa.

Mimi ni msusi hapa Kamembe, bamama ba Bukavu wanavuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kuja kwangu, na mwaka huu nilikatwa ziwa la kushoto kwa sababu ya kansa, wakatoa na tezi za kwapani, dokta akasema sasa nimeze kidonge kila siku na nipone tu. Kupona kwenyewe ndiyo sijui kunafanyikaje! Yule wa kine, anayefundisha mazoezi hospitali, alisema nipandishe vidole ukutani pole pole kila siku, lakini mama mkwe wangu, aliyeacha mashamba yake Rwimbogo akaja kuniuguza, aliponikuta ukutani alipiga kelele, "Weye muntu, unataka kidonda kifunguke?", akanifunga mkono kifuani na kitenge, na mimi nikakubali, kwani ni yeye aliyenikogesha wakati mume wangu aliogopa hata kuangalia, ni yeye ananilisha uji na kijiko mpaka batoto wanacheka eti mama amekuwa bebe. Sasa bega limekauka, mkono umevimba bangili haiingii, jirani anasema niukande na maji ya moto, mwingine anasema niuache, na mama mkwe anasema ni damu chafu, ameniitia mzee wa kuchanja kwa wembe na kunyonya damu kwa pembe, anakuja Ijumaa baada ya swala, kuku amekwisha kununuliwa. Nikikataa, nitamwangaliaje usoni? Nikikubali na mkono ukaharibika, nitasuka na nini? Nikilia anasema hiyo ndiyo damu chafu inanisumbua. Maman, nimsikilize nani?

Nasiba, Kamembe

*

Nasiba mwanangu, pole, na pole tena. Sasa acha nikugombeze. Maman wa Bukavu akikaa mbele yako, halafu jirani apite aseme unashika nywele vibaya, utamwachia kitana? Thubutu! Basi kwa nini mkono wako umeuachia mtaa mzima?

Wembe hapana. Pembe hapana. Maji ya moto hapana. Tezi walizotoa kwapani zilikuwa zinasaidia kupitisha maji ya mwili na kupigana na vijidudu, kwa hiyo kwenye mkono huo hata mkwaruzo mdogo unaweza kukuletea ugonjwa mkubwa. Ukichanjwa hapo, umeufungulia mlango. Na hakuna damu chafu humo, jamani.

Fungua hicho kitenge leo. Lakini usianze kuurusha mkono kama unafukuza kuku kwenye mtama! Kesho asubuhi rudi hospitali walikokupasua, waangalie huo uvimbe kwanza, maana sababu zake ni nyingi, kisha wa kine akuonyeshe pa kuanzia upya. Ukiuona unakuwa mwekundu au wa moto, au homa ikikupanda, usingoje kesho, nenda saa hiyo hiyo. Kidonge usikiache. Na kijiko cha uji shika mwenyewe, mkono wa kulia una ugonjwa gani?

Haya, mama mkwe. Unashindwa kumkataa kwa sababu anakupenda, nakuelewa, mimi pia ningeshindwa. Basi usimkatae, nenda naye. Mwambie, "Mama, nisindikize." Akae pale mbele ya wa kine, aulize kwa mdomo wake kama kidonda kitafunguka, ajibiwe yeye. Wewe ulifundishwa mazoezi, yeye nani alimweleza? Mama wa watu aliogopa, akafunga. Kuku wa Ijumaa mchinjeni vile vile. Mzee wa pembe mpeni sahani, ale, ashukuriwe, arudi kwake na wembe wake. Na mumeo ndiye asimame mlangoni kumwambia hivyo, maana kuangalia kidonda aliogopa, lakini kuongea hakuna damu.

Na siku utakaporuhusiwa kusuka, usianze na mteja. Mkalishe mama mkwe kwenye kigoda chako, mvue kitambaa, umchane, umsuke pole pole. Ukichoka pumzika, atangoja. Alikukogesha ulipokuwa huwezi. Sasa mwache ausikie mkono wako ukifanya kazi, juu ya kichwa chake mwenyewe.