Mazoezi ya Kumubeba Papa

Kisangani

Kwako Yaya Ramazani, ndugu yangu mukubwa,

Salamu nyingi. Weye na kiuno yako, muko namna gani? Shemeji na watoto wanalala vizuri? Miye niko muzima, lakini situlii. Hata kwenye bureau naandika nikisimama, mupaka mukubwa wa kazi ameniuliza kama kuna siafu kwenye kiti.

Ni sababu ya ile siku nilikuja nyumbani kwa congé, likizo ya kazi. Nilisema, niache miye nimupeleke Papa kuoga, kwa kuwa miguu ya baba yetu imekufa na weye umemubeba miaka yote. Hatua kumi tu, tukaanguka wote wawili kwenye matope. Papa alicheka. Weye haukucheka. Ulisema, "Karani, rudi kwenye karatasi yako." Yaya, iliniuma, na ingali inaniuma.

Bon, sasa munganga mukubwa wa huku amekubali kumuona Papa, na kiuno yako imekataa. Nani atamutoa kwenye masuwa ya mutoni pale Ubundu na kumupandisha mupaka kwenye treni? Ni miye. Donc nafanya mazoezi chumbani. Rafiki mumoja alinionyesha gazeti ya Wazungu: mutu analala kwenye banc, kiti kirefu ya mbao, anasukuma vyuma juu. Miye sina banc, sina chuma. Naweka viti viwili, naingia katikati, najishusha na kujipandisha kwa mikono. Kiti moja ilivunjika, nikaitengeneza. Kwa miguu, nafunga gunia ya muchele mugongoni, nachuchumaa na kusimama mupaka mapaja yanatetemeka.

Siku moja mama mwenye nyumba, mujane aliyetoka Kasongo, alinikuta nainua valise ya safari imejaa matofali. Akasema matofali hayashibishi mutu, na kama natafuta nguvu ya mikono, sombe yake, majani ya muhogo, iko kwenye kinu. Natwanga, Yaya. Kila jioni, ndani ya lupango, uani kwake. Sasa majirani wake nao wanaleta sombe, wananiita bibi arusi. Ukisikia watu wa treni wanacheka, ni kweli, usimupige mutu. Lakini shati ya kazi imenibana mabega.

Jana barua yako imefika. Unasema nisijisumbue tena, Papa amekonda sana, anakula vijiko mbili tu, hata binti yako mukubwa anamubeba mupaka nje. Umeandika kama habari njema. Nilisoma, nikaketi chini, sikugusa kinu. Miye nilitafuta gunia yenye uzito wa Papa yule wa matopeni, na sasa unaniambia hayuko tena.

Usimuache hivyo. Mupikie samaki, mupondee ndizi, mubembeleze kama mutoto. Nakuja na treni ya juma hii, sitangojea congé. Mukubwa wa kazi akikataa, shauri yake.

Nisalimie Shemeji, Tonton mushonaji, na Shangazi anayeuza chumvi. Na Papa umuambie ale. Nataka anilemee.

Miye mudogo wako,
Juma