Harufu ya Sebuleni

Jumanne, usiku

Kumbe gambuti hazikuwa na kosa.

Wiki nzima nimemlazimisha mume wangu azivulie nje, kwa sababu sebule ilinuka na mimi nilishaamua kwamba anayenuka ni yeye. Mvua ikazijaza maji. Kila asubuhi alizimwaga, akazivaa, akaenda shambani. Harufu ikabaki palepale.

Leo nimefunua kona ya kapeti la plastiki nililonunua mpakani Rusumo. Chini yake maji, na ukungu mweusi mpaka ukutani. Mume wangu alinisihi, "Mama Anita, tungoje saruji ya sakafu ikauke." Nikamwambia hajui mambo ya kisasa. Tena nikalibandika kwa gundi pande zote, hewa isipite. Mtaalamu mimi!

Na Jumamosi wanakuja kumposa Anita. Tutatandika majani makavu sakafuni kama kwa mama yangu, yale niliyokuwa nikiyaita ushamba. Kapeti nimelianika uani. Sijui kama litapona, na hao wageni wakilinusa...

Jioni nimemwomba mume wangu radhi. Alitoka nje, akarudi na gambuti zake, akaziweka katikati ya sebule.