Mama ameshaaga majirani, na safari yenyewe ni pointi za poka

Shangazi Siwema, shikamoo. Kabla hujanisaidia naomba kwanza unijue, maana nadhani hujazoea kuandikiwa na mtu wa aina yangu. Mimi ndiye mwanaume mwenye bahati kuliko wote hapa Tabora, nimekaa Dar, nimekaa Maskati, shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha, na kwenye poka ya simu nikigusa karata tu wenzangu wa mezani wanaanza kuaga. Sisemi mikeka ya mpira, hiyo waachie vijana wa bajaji, nasema poka, unakaa meza moja na Mrusi na Mbrazili na wewe uko Isevya umevaa msuli. Kampuni yenyewe inanijua kwa jina. Idi walinitumia salamu, mjomba wangu wa damu hakutuma.

Sasa shida iko hapa. Hiyo kampuni ina mpango wa zawadi, kila ukicheza unapata pointi, pointi zinakupandisha ngazi, Shaba, Fedha, Dhahabu, na juu kabisa Almasi, mimi ni Dhahabu, na zawadi zilishakuja kwa basi kutoka Dar, kofia, begi, na mwavuli ambao nilimpa muuza mihogo kwa sababu roho yangu haijui kubana, na nyumbani wakiona vitu vinaingia wanasema Thuwaini anashinda (hilo si jina langu, majina yote nimebadilisha isipokuwa la mama, akina Bi Nunu wako wengi), na mimi nikawa naitikia. Mke wangu Nihal ni mtu wa dini, akaniuliza, "Hii si kamari?" Nikamwambia kamari ni ule mchezo, hizi ni zawadi, na zawadi haikataliwi.

Ngazi ya Almasi wanaandika kwamba unapewa safari ya watu wawili popote duniani. Basi siku moja tunakula, mdomo wangu huu ukasema, "Mama, jiandae, mwaka huu unakwenda Umra." Nilidhani atacheka. Mama aliweka tonge chini.

Tangu hapo Bi Nunu anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama wazee wetu wanavyofanya mtu akitaka kwenda Makka, asiondoke na kinyongo cha mtu. Kamaliza mtaa, akataka nimpeleke kwa mama mdogo Najiat, mdogo wake, ambaye hawajasemeshana tangu mirathi ya babu. Nikampeleka, nikasimama mlangoni, na nilisikia yote.

"Najiat, nasafiri. Nilikukosea."

"Ulinikosea sana."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi ingia, usisimame juani. Nimekusamehe. Lakini ukifika kule uniombee goti langu, goti la kushoto, usije ukachanganya."

Wakashikana wakalia, na mimi nikaenda kulia nyuma ya nyumba, kwa sababu nyingine. Sasa kila mtu kampa mama dua ya kupeleka, huyu binti yake apate mume, yule mvua ifike kwenye tumbaku yake kule Ipole, na mama kazishika zote kichwani, anazirudia akiosha vyombo. Shangazi, dua za mtaa mzima zimekwama ndani ya simu yangu.

Maana pointi hazitoshi. Kila duru kampuni inakata chake kwenye hela iliyopo mezani, na pointi zinatokana na hayo makato, na mwezi ukiisha hujafika Almasi zinafutwa unarudi Shaba. Mfanyabiashara mmoja wa Usinge, Anselm, anataka kununua spea zote za duka langu la baiskeli kwa mkupuo, tairi, minyororo, pedeli, anakuja na gari Jumamosi, na nikiuza nikacheza mfululizo naweza kuiwahi Almasi, mama akaenda, mimi nikaanza upya, au nisiuze, halafu mama nimwambie nini? Mama akikohoa nashtuka nikidhani ananiita kuniuliza tarehe. Niuze au nisiuze?

Ile bahati niliyoisema hapo juu ni uongo. Kwenye poka naliwa tu.

SHANGAZI SIWEMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Usiuze. Naanza na hilo kwa sababu Jumamosi iko karibu na mdomo wako ni mwepesi kuliko masikio yako.

Barua yako ilinichekesha mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka. Hebu sikiliza. Akishinda Mrusi, kampuni imekata. Akishinda Mbrazili, imekata. Ukishinda wewe, jambo ambalo naona halijatokea, itakata pia. Dhahabu yako si cheo cha uhodari, ni kipimo cha ulivyokatwa. Wewe mtoto wa Tabora umekulia kwenye njia ya misafara, hukusikia habari za hongo? Msafara ukipita kwa mtemi ulilipa ushuru wa vitambaa na shanga, na mtemi akipenda alirudisha mbuzi mmoja kwa heshima. Mwenye msafara alimla yule mbuzi, lakini hakwenda kutangaza kwamba kwa mtemi wanagawa mbuzi. Alijua kamnunua mwenyewe, kwa bei mbaya. Na yeye angalau aliruhusiwa kupita! Wewe unalipa na hufiki popote.

Na lile ulilomwambia Nihal likome. Zawadi ya kamari ni kamari iliyovaa kofia. Hivi hata ungeipata hiyo Almasi, ungethubutu kumwambia mama yako, akiwa mbele ya Kaaba, nauli yake imetoka wapi?

Najua hukukusudia ubaya. Anayempa muuza mihogo mwavuli wake hana roho mbaya. Tatizo lako unagawa na visivyokuwepo.

Leo hii mpigie Anselm, mwambie duka haliuzwi. Kaa na Nihal, mweleze yote, na mbele ya macho yake waandikie hao watu waifunge akaunti yako moja kwa moja, wasiifungue hata ukiwalilia. Wala usikope ili mama asafiri, huo utakuwa uongo wa pili.

Kisha nenda kwa mama. Kaa chini, na usitanie, maana najua utataka kutania. Sema, "Mama, safari haipo, nilikudanganya." Halafu nyamaza. Akilia mwache alie. Akiuliza kwa nini, usiitaje kampuni, jitaje wewe.

Na usimwache mama wa watu azunguke tena kujieleza, aibu si yake. Zunguka wewe, nyumba kwa nyumba, na uanzie kwa mama mdogo Najiat. Atakutukana. Pokea. Mwambie dada yake alikuja kwa moyo safi, wala hakujua lolote. Radhi si nauli, hairudishwi safari ikivunjika, na goti linaombewa hata hapo Isevya. Ndugu wawili kupatana ndilo jambo pekee la kweli lililozaliwa na uongo wako. Wakiusikia uongo huo kwa mtu mwingine kabla yako, watagombana upya, na safari hii hakutakuwa na Makka ya kuwapatanisha.

Nenda leo. Ukitoka nyumba ya mwisho, kafungue duka.