Baiskeli Moja, Majeruhi Wawili

Jumatatu, 1 Septemba 1980. Masanze

Dukani hakuna kitu. Sabuni hakuna, betri hakuna, chumvi imebaki ya kukung'uta gunia. Duka la kijiji, na mimi ndiye muuzaji wake. Nimeshinda nyuma ya kaunta nikilinda rafu. Jioni nimepaka mnyororo wa baiskeli mafuta. Safari ya kukusanya vyuma keshokutwa.

Rajabu hajatoka chumbani. Mdogo wangu amerudi kutoka vita vya Kagera na mguu mmoja, na tangu arudi jua analiona dirishani tu. Anaoga gizani. Wageni wakija anajifanya amelala. Mama analia jikoni akidhani hatusikii. Nimechoka kumsikia.

Lazima apate baiskeli ya mikono, ile ya magurudumu matatu. Nimeshaamua.

Jumatano, 3 Septemba. Kijiji cha Ulaya

Tumeondoka Kilosa watu sita kwa baiskeli. Hotuba ndefu za kutuaga, jua likatukuta palepale. Hatuombi hela, maana hata ukiwa nayo madukani hakuna cha kununua. Tunaomba vyuma: rimu, spoki, minyororo, fremu zilizotupwa nyuma ya nyumba. Fundi Selemani wa Mikumi ataviunga, majeruhi wa huku kwetu wapate kutembea.

Hapa Ulaya bibi mmoja alimfukuza kuku aliyekuwa akitagia ndani ya rimu, akatukabidhi rimu pamoja na manyoya. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Hosea yuko nami. Mwalimu wa shule yetu, mtu wa Vidunda milimani, rafiki yangu. Anaendesha akiimba nyimbo za kanisani kwenye kila kilima. Nimemwambia hata milima ya kwao ilimkimbia kwa sauti hiyo. Akaongeza sauti.

Alhamisi, 4 Septemba. Njiani

Tyubu yangu imepasuka, haifai tena. Tumeshindilia majani makavu ndani ya tairi. Makalio yangu yamekufa.

Mchana tembo walikaa barabarani, wakala majani bila haraka. Tukasubiri mbali. Hapo ndipo Hosea aliponiambia habari za Danieli, mtoto wa mjomba wake. Bomu la ardhini, miguu yote miwili. Wamemshusha kutoka Vidunda, sasa anakaa kwa dada yake Mikumi, karibu na reli. Hosea anataka baiskeli ya kwanza iwe ya Danieli.

Na Rajabu je? Hosea anamjua, amekula kwetu mara ngapi. Nilitazama mizigo yetu. Vyuma hivi havitoi baiskeli mbili, na najua naye ameona. Tulipoanza tena kuendesha hakuimba.

Ijumaa, 5 Septemba. Mikumi

Nimewahi sala ya Ijumaa, nikiwa na vumbi hadi masikioni. Nimemwomba Mungu minyororo. Sijui kama inaruhusiwa.

Fundi Selemani alimwaga kila kitu chini, akachambua. Rundo la vyuma vibovu likawa kubwa kuliko la vizima. "Inatoka moja," akasema, akaenda kunawa mikono.

Kesho Kisanga. Tukipata fremu moja na minyororo miwili, tumepona. Usingizi hauji. Namchukia Danieli, na sijawahi hata kumwona.

Jumamosi, 6 Septemba. Kisanga

Pampu moja na kengele. Basi. Watu wametukarimu ugali na mboga hadi tukaona haya, lakini vyuma wamegeuza majembe zamani.

Jioni kiongozi wa msafara wetu akasema tuamue sisi wenyewe, tunyooshe mikono. Niliropoka. Nilimwambia Hosea mbele ya wote, "Danieli wenu ataipandisha wapi huko Vidunda?" Alikwisha kuniambia kwamba kijana hakai tena mlimani. Nilijua, nikasema hivyo hivyo.

Hosea hakupandisha sauti. "Rajabu ana mguu mmoja," alisema. "Danieli anatambaa."

Mikono minne ikanyooshwa kwa Danieli. Wangu sikuunyoosha. Hosea naye hakuunyoosha wake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatatu, 8 Septemba. Masanze

Jana nimerudi peke yangu, juu ya tairi la majani. Hosea sikumuaga. Sikungoja kuona baiskeli ikiungwa.

Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Rajabu. Fundi alichelewa, vyuma vilikuwa na kutu, mwakani tutajaribu tena. Leo asubuhi nimeingia chumbani. Akanipa shikamoo, nikaitikia, na maneno yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba amepewa mwingine.

"Alhamdulillahi," akasema.

Nilidhani ananikejeli. Nikaanza kufoka: nimeumia kwa ajili yake, nimegombana na Hosea kwa ajili yake. Aliniacha nimalize.

"Kaka, mimi nilikuwa naomba vyuma visitoshe. Kwenye kitu kile nitakaa nikitazama watu mikanda ya kiunoni mpaka nife. Mimi nataka kusimama. Wewe hukuniuliza."

Kumbe magongo aliyopewa hospitali yalikuwa mafupi, yakimkunja. Siku aliposhuka garimoshi Kilosa, mwanamke asiyemjua alimtia senti mkononi, akidhani ni ombaomba. Rajabu akayatupa magongo palepale stesheni, na nyumbani akatuambia yamepotea. Sisi hatukuuliza zaidi.

Nimetoka nikaenda kufungua duka. Nimeona haya.

Jumatano, 10 Septemba. Masanze

Duka bado tupu. Nimefunga mapema, nikaenda na panga porini. Nimekata miti miwili iliyonyooka, yenye panda juu, nikaimenya maganda. Mama ametoa kanga kuukuu ya kuzungushia kwapani.

Ilibaki kupima. Nilimwambia Rajabu nataka kipimo chake, itabidi asimame. Akasema haya. Nilimshika kiunoni, akaning'inia begani kwangu, mzito. Tukafika ukutani. Alitulia kwanza, akahema, kisha akajinyoosha kidogo kidogo, mgongo wote ukagusa ukuta.

Nikauweka mti chini ya kwapa lake, nikatia alama kwa kisu. Nikataka kumuuliza kama inatosha. Ilinibidi niinue uso. Nilikuwa nimesahau kwamba mdogo wangu ananizidi urefu.