Mchumba Wangu Katia Soda Kwenye Mvinyo wa Kuzaliwa Kwangu

Bi Remedios mpendwa,

Kila Jumamosi nakusoma na kahawa yangu mkononi na huwa nawacheka wanaokuandikia, sasa zamu yangu imefika, naomba unisaidie maana nyumbani kwetu hapakaliki.

Mimi ni mtoto wa pekee wa mzee Honorato, tunatengeneza mvinyo mwekundu hapa jirani na mji wa Laguardia, si kiwanda kikubwa, ni sisi wenyewe tu, baba, mama, mimi na mjomba Telesforo, zabibu tunazikanyaga kwa miguu kama alivyofanya babu, na mvinyo wetu watu wanaupenda ukiwa bado mchanga, mwaka hauishi umeshanywewa wote. Ila mwaka niliozaliwa baba alijaza chupa kadhaa akazilaza kwenye handaki chini ya nyumba, akaapa kwamba ya kwanza itafunguliwa siku nitakayomleta mchumba mezani, na zilizobaki atawanywesha kijiji kizima harusini kwangu. Tangu nikiwa mdogo kila mgeni anashushwa handakini kuoneshwa, "Hizi ni za binti yangu," na ole wako uzifute vumbi.

Basi mchumba nimempata, anaitwa Gorka, ni fundi wa lifti kutoka Bilbao, mpole, mcheshi, harusi tukaipanga Juni, na Jumapili iliyopita nikamleta. Mama alipika viazi na soseji nyekundu, mjomba akachoma mbavu za mwanakondoo kwa matawi makavu ya mizabibu, baba akavaa koti lake la kanisani akapanda kutoka handakini amebeba chupa kama mtoto mchanga, nami nilikuwa nimeanza kulia hata kabla kizibo hakijatoka. Mimi mwenyewe sikuonja kwa sababu nilikuwa nameza dawa za jino, lakini macho ninayo, Bi Remedios, niliona kila kitu. Baba alionja, machozi yakamlenga, nikajua ni furaha. Mama aligusa kwa midomo akaukimbilia mkate. Mjomba Telesforo, ambaye tangu nimjue hajawahi kuacha tone kwenye glasi, akaumwaga wake kwenye sahani ya viazi, eti, "Hivi mchuzi unanoga zaidi." Nikasema moyoni, ona jinsi walivyoguswa.

Hapo ndipo Gorka akauliza, "Mama, ile soda nyeusi ipo?"

Ikaletwa! Akachanganya nusu kwa nusu, mvinyo wa kuzaliwa kwangu na soda, kama wanavyokunywa vijana wa Bilbao wakiwa barabarani siku za sherehe, akasema, "Mzee, mtanisamehe, sisi watu wa mjini hatuna adabu," akaigugumia yote, kisha akavuta chupa akaimaliza hadi mashapo, glasi kwa glasi na soda yake.

Baba akasimama. "Kijana, unajua ulichokunywa?"

"Najua, mzee."

"Hujui kitu! Anayetia soda kwenye chupa ya binti yangu hakanyagi zabibu kwangu. Hakuna harusi!"

"Honorato, kaa ule, nyama inapoa," mjomba akamwambia, lakini wapi, baba alishashuka handakini akajifungia.

Kwenye gari nikamshukia Gorka, kwa nini umenifanyia hivi, akanijibu, "Nilikuwa na kiu." Kiu gani na maji yalikuwa mbele yake? "Basi andika mimi sina adabu, nimekubali," na akacheka! Mama naye nilimkuta jikoni ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, mabega yanamtikisika, nikimuuliza anasema nimwache baba apoe. Baba hapoi. Amesema nichague, ufunguo wa handaki au fundi wa lifti. Nampenda Gorka, lakini mizabibu ile ndiyo maisha yangu, nimeikata matawi tangu mikono yangu haijaweza kushika mkasi vizuri, na siwezi kujiona nikiishi ghorofani Bilbao nikinunua mvinyo dukani. Nichague lipi?

Ni mimi,
Mwenye Chupa Zake

*

Mwenye Chupa wangu,

Kwanza pole kwa jino. Pili, ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Binti aliyelelewa juu ya pipa, umeniandikia ushahidi wote kwa mkono wako mwenyewe, halafu unaniuliza kumetokea nini!

Soma tena barua yako. Mama yako ameonja akakimbilia mkate. Mjomba asiyeacha tone amemwaga mvinyo kwenye viazi. Baba yako ametoa machozi. Unadhani ni furaha? Mwanangu, mvinyo ulikuwa umekufa, umegeuka siki. Wewe mwenyewe umesema wa kwenu hunywewa mchanga, mwaka hauishi. Na ndivyo ulivyo mvinyo wa kukanyagwa, utamu wake ni wa sasa hivi. Baba yako anayajua haya kuliko mimi, lakini siku ile alikuwa na mtoto mikononi na akili zikamruka. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba kama yenu na nimewaona wazee wenye busara zao wakifanya kosa hilohilo kwa ajili ya binti. Nawapenda kwa hilo, lakini siwezi kuwanywea mvinyo wao.

Sasa mtazame huyo fundi wako. Meza nzima imeshikwa na siki mdomoni, hakuna anayethubutu kutema wala kumeza, na mzee anasubiri kusifiwa. Kijana angesema nini? Asifu, aonekane mnafiki? Aseme ukweli, amuue mzee mchana kweupe? Akaomba soda. Akajipaka matope yeye, akaimaliza chupa peke yake ili asiwepo mwingine wa kulazimika kunywa. Unajua tumbo lake lilikuwaje usiku ule? Hata wewe hakukwambia, kwa sababu anakujua: ungekimbia moja kwa moja kwa baba yako ukaligeuza jambo la meza kuwa msiba. Mama yako aliligundua palepale, ndiyo maana alikuwa jikoni anakufa kwa kicheko.

Na baba yako? Hasira ile si ya soda. Ana chupa nyingine zimelala chini, na ameahidi kijiji kizima kwamba kitazinywa. Juni ikifika atasimama mbele ya majirani, nao ni watengeneza mvinyo kama yeye, awamiminie siki. Harusi isipokuwepo, chupa hazifunguliwi. Ameona mlango wa kutokea, akautumia. Mzee ana hofu, mwanangu, na amejifungia na hofu yake humo handakini. Mwonee huruma, lakini usimwambie kwamba unajua. Ukifungua mdomo nitajua, na sitakujibu tena maishani.

Utafanya hivi. Mwambie Gorka aje siku mnapokata matawi, avae viatu vya shamba, asiombe msamaha wala asilete zawadi ya mjini. Afanye kazi hadi mgongo umuume. Wakati wa kula, wewe umsogelee baba yako mbele ya watu wote umwambie: "Baba, harusini kwangu nataka kijiji kinywe mvinyo wa mwaka huu, ule niliokanyaga kwa miguu yangu. Zile za kuzaliwa kwangu niachie mimi, ni zangu, sitaki kugawana na mtu." Umeelewa? Wewe ndiwe mchoyo, wewe ndiwe unayemvunjia ahadi yake. Kama fundi wa lifti aliweza kujipaka matope, nawe jipake kidogo. Atafoka, atasema watoto wa siku hizi hawana shukrani. Mwache afoke, uone mabega yake yatakavyoshuka.

Kisha Gorka aombe glasi ya mvinyo huu mchanga, aunywe mkavu, bila maji, bila soda, mbele ya mzee, na aombe ya pili. Asiseme neno. Baba yako atajua kwamba kijana ana ulimi mzima na alikuwa nao Jumapili ile pia. Hawataliongelea kamwe hadi mmoja amzike mwenzake, lakini mavuno yajayo utawakuta wamekunja suruali, wanakanyaga pamoja.

Eti uchague kati ya ufunguo na mwanaume! Usichague chochote, chukua vyote viwili. Na ukimwacha Gorka kwa ujinga wako, nitumie namba yake, nina mpwa anamtafuta mtu wa namna hiyo.

Chupa zilizobaki mpe mama yako azimimine kwenye pipa la siki. Saladi ya harusi yako itakuwa na umri sawasawa na bibi harusi, kijiji kizima kitakuwa kimekula chupa zako kama mzee alivyoahidi, na hakuna atakayeulizia soda.

Bi Remedios