Nicodemus, Neno Moja Lilikutoa Kanisani

Mwaka umetimia, Nicodemus, tangu utuondokee, na nyumba yenu ya mtaani Tudor bado haijazoea. Mkeo, Mama Beryl, humimina chai kikombe kimoja zaidi, kisha hukinywa mwenyewe asije akaonekana amesahau.

Ulikuwa karani bandarini siku za kazi, mhubiri Jumapili, na mbishi siku zote. Ulihubiri hata mdomo umejaa mahamri, tukakwambia Injili yako inanukia iliki.

Ubishi uliokuponza ulianzia kwa Kanze, muuza mboga wa Mwembe Tayari. Alifariki akiishi na mume bila ndoa ya kanisa, wazee wa kanisa wakakataza asizikwe kwa ibada. Wewe ukamzika. Pale kaburini ukamwita marehemu, na walipokuita kikaoni kuuliza kwa nini ulimpa mwenye dhambi jina hilo, ukawajibu kwamba marehemu ni aliyerehemiwa, na kazi ya kurehemu hawakupewa wao. Wakakutenga.

Ukaandika kijitabu kuhusu neno hilo hilo. Sote tulikaa mezani kukibana kwa stepla, nawe ukawagawia abiria wa mabasi ya bara: "Soma hadi Voi. Ukikasirika, shuka." Bwana Taib, Mwislamu muuza kanga wa Biashara Street na mshindani wako wa maneno, alikisoma akakwambia, "Neno hili mmelikopa kwetu, Nicodemus. Litunzeni." Ulicheka hadi ukakohoa.

Kumbe kikohozi kile hakikuwa cha kicheko.

Ulipofariki, Mzee Joab, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuja na pole na sharti. Mama Beryl aseme tu kwamba ulitubu kabla ya kukata roho, nao watakuzika kwa heshima zote. Naye alitamani, usidhani hakutamani. Kwaya ya pale ameiimba tangu usichana wake. Aliingia chumbani akalia. Alipotoka akasema, "Mzee, hakutubu, nami siwezi kumtubia."

Tulikuzika wenyewe, bila kengele. Wimbo alianzisha yeye, sauti ikamkatikia njiani, dada yako Emmah akaudaka.

Tangu hapo hajakanyaga kanisani. Kengele ya Jumapili ikilia, hufunga dirisha. Hatukudanganyi, imemuuma sana.

Mwezi uliopita Mzee Joab alirudi, safari hii peke yake. Binti yake alikuwa amefariki, na binti huyo, kama Kanze, aliishi na mume bila ndoa ya kanisa. Chai ilimpoa mkononi. Mwisho aliuliza, kwa sauti ya chini, kama sisi tungekubali kumwombea, na tungemwitaje.

Mama Beryl alivuta kiti karibu naye. "Tutamwita marehemu, Mzee. Tuambie jina lake, tuanze."

Unakumbukwa na mkeo Zilpah, Mama Beryl. Wanao Beryl na Jeremy. Dada yako Emmah. Na Bwana Taib na jamaa zake, ambao nao ni wako.

Maadamu tu hai, Nicodemus, hutasahaulika.